Kishikwambi Kilichosema Nafundisha Usiku

Siku yangu ya kwanza kazini niliufundisha ubao. Ilikuwa skuli ya kijiji cha Wingwi, darasa la kwanza, nami msichana mwenye buibui jipya na chaki mkononi. Niliandika ubao mzima, nikaufuta, nikaandika tena. Kengele ilipolia ndipo nilipogeuka, nikamkuta Mwalimu Mkuu amekaa dawati la nyuma, magoti yamemfika kidevuni.

"Mwandiko wako mzuri, Mwalimu Mize," alisema. "Lakini watoto wako upande wa pili."

Nilicheka mpaka machozi, na toka siku hiyo nikaipenda kazi. Enzi hizo tukiandika kila kitu kwa mkono: azimio la kazi, yaani mpango wa muhula mzima, na andalio la somo, ambalo ni mpango wa kipindi kimoja. Nakala yake ilipitia kwenye karatasi ya kaboni, na ukimaliza vidole vyeusi kama umemenya ndizi mbichi. Zana za kufundishia zilikuwa mawe, makumbi ya nazi na vifuniko vya chupa.

Baada ya Wingwi nikapelekwa Kiuyu, kisha Tumbe, nilikomalizia. Kote huko nilifundisha kama walimu wengine, ila mimi sikuwa nimesomea. Kwenye orodha ya skuli jina langu lilikaa chini kabisa, na ubavuni pake pameandikwa "msaidizi". Watoto niliowashika mkono kuandika a, e, i walikwenda vyuoni, wakarudi na vyeti, wakawa wakubwa zangu. Likiniuma hilo, sisemi urongo.

Basi ilipobaki miaka miwili nistaafu, ikaja barua: walimu wasiosomea waingie mafunzo kazini, kila Jumamosi katika kituo cha walimu, na atakayefaulu atapewa cheti. Nilikwenda mbio. Darasa zima mimi ndiye niliyekuwa na mvi, na mkufunzi wetu, Mwalimu Salma, angeweza kuwa mwanangu wa mwisho. Siku ya kwanza alitugawia vishikwambi, vile vibao vya kioo vilivyo kama simu kubwa. Changu nilikifunga kwa kanga, nikakipakata kama kitoto kichanga mpaka nyumbani.

Sharti la kufaulu lilikuwa moja. Kila mwanagenzi arekodi masomo sita akifundisha kwa teknolojia, ayatume kituoni, nayo yatiwe alama. Kishikwambi chenyewe kiliandika tarehe na saa ya kila somo. Mwisho wa kutuma ni siku maalumu, na mimi kwa umri wangu nisingepata awamu nyingine.

Siku niliyowasha projekta darasa la pili sitaisahau. Ni mashine inayotoa picha ya kishikwambi na kuitupa ukutani. Nilitundika kanga dirishani kupunguza mwanga, nikabonyeza, samaki akatokea ukutani mkubwa kuliko meza. Watoto wakaruka kumshika, samaki akawapanda migongoni. Nikaruka nao, mtu mzima mimi! Niliwaza, kumbe hivi ndivyo nilivyotaka kufundisha miaka yote, nilikuwa sijui tu.

Mara ikaja mada ya kusoma saa. Ilikuwa saa mbili asubuhi, na kishikwambi kinaonyesha 8:00 ukutani. Watoto wakasoma kwa sauti moja, "Saa nane!" Nikasema hapana, ni saa mbili. Wakanitazama, wakautazama ukuta. Nikaona naaibika bure. Jioni hiyo nikaingia kwenye mipangilio, nikairudisha saa nyuma kwa saa sita. Asubuhi yake ukuta ukasema 2:00, watoto wakasema saa mbili, nami nikajiona bingwa. Nikarekodi masomo yangu yote sita kwa saa ile, nikayatuma.

Wiki haikupita nikaitwa kituoni. Nilimkuta Mkaguzi anayetia alama, bwana mwenye miwani mizito, na Mwalimu Salma pembeni yake.

"Bi Mize," Mkaguzi alisema, "masomo yako yote yamefundishwa baina ya saa nane na saa kumi usiku. Watoto wa Tumbe wanakwenda skuli usiku?"

"Hawaendi, Mheshimiwa."

"Basi hii inaitwa kughushi. Na anayeghushi jina lake linafutwa."

Damu ilinichemka. "Masomo yenyewe umeyatazama?"

"Nimetazama jedwali la saa."

"Basi fungua, baba. Fungua lolote."

Alifungua. Jua limepenya pembeni ya kanga, limejaa sakafuni. Nje mchuuzi wa samaki anapita na baiskeli, anagonga kengele, na watoto wangu wanamwitikia kwa kelele. Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Jua hili la saa nane usiku limetoka wapi?" nikamuuliza.

Nikamweleza nilivyoigeuza saa. Mwalimu Salma alishindwa, akajifunika mtandio akicheka, na Mkaguzi naye akacheka. Alitazama masomo yote mpaka mwisho, akatia alama palepale. Somo la saa likapata alama nyingi kuliko yote. Nilirudi Tumbe nimekaa nyuma ya gari ya mizigo, natabasamu peke yangu.

Jumatano adhuhuri akaja skuli Mama Riziki. Mwanawe Riziki alikuwa mwanafunzi wangu, mwepesi kuliko wote. Mama mtu macho yalikuwa yamemharibika, herufi ndogo hazioni tena.

"Shikamoo Bi Mize. Nimekuja kukupa ahsante. Riziki sasa anisomea simu yangu."

"Marahaba. Alhamdulillahi!"

"Juzi nililetewa ujumbe wa daktari wa macho, yule ajaye mara moja moja. Mwanangu kanisomea vizuri, saa tisa. Nikenda saa tisa, nikamkuta daktari keshaondoka toka mchana. N'ngoje tena mwezi ujao. Labda wao ndo waloandika vibaya."

Nilimwomba simu. Ujumbe ulisema 9:00.

Wao hawakukosea. Mtoto alisoma kama nilivyomfundisha: kinachoonekana kwenye kioo ndicho kinachotamkwa. Nilikuwa nimeipinda mashine ili nisiaibike asubuhi moja, na mtoto akatoka na ujuzi wa urongo mpaka kwenye macho ya mama yake.

"Kosa langu, Mama Riziki," nikamwambia. "Ilikuwa uende saa tatu asubuhi. Mie ndiye niliyemfundisha vibaya."

"Lo! Basi mfundishe tena, mwalimu," akasema, akaenda zake.

Somo lilikuwa limeshapita, lina alama, na hakuna aliyejua ila mimi na Mama Riziki. Nilijishauri mpaka alasiri. Mwishowe nikampigia Mwalimu Salma.

"Lile somo la saa lifute. Si sahihi."

"Bi Mize, ndilo lenye alama nyingi! Na mwisho wa kutuma ni keshokutwa. Ukipungukiwa na somo moja hupati cheti. Na mtandao ukikataa je?"

"Nitastaafu msaidizi. Lifute, mwanangu."

Alhamisi nikairudisha saa mahali pake. Nikawasha projekta, ukuta ukasema 8:00, na kando yake nikatundika saa ya mishale.

"Mwalimu, mashine hino yasema urongo!" wakapiga kelele.

"Mashine haisemi urongo. Aliyesema urongo ni mie."

Sijui kama waliwahi kumsikia mwalimu akisema hivyo. Nikawaeleza kwamba sisi tunaanza kuhesabu jua linapotoka, lakini mashine inaanza kuhesabu sisi tumelala, kwa hiyo asubuhi yake imetutangulia kwa saa sita. Saa nane yake, toa sita. Wakatoa vidole! Kumi, toa sita. Kumi na moja, toa sita. Walikuwa wakigombea kuja ubaoni, wanasukumana, wanapiga mayowe kila wakipata, nami napiga mayowe nao, jasho linanitoka.

Riziki peke yake hakupiga kelele. Alikuja ubaoni, akaandika 9:00 bila kuambiwa, akahesabu vidole vyake polepole.

"Saa tatu," akasema. Kisha akaning'ang'ania buibui. "Mwalimu, mama ilikuwa aende saa tatu."

Nilipiga magoti mbele yake, kishikwambi kinaendelea kurekodi. "Hukukosea wewe. Ulisoma nilivyokufunza. Aliyekosea ni mwalimu wako, na mama nimeshamwambia." Nikamshika mkono mpaka akatulia, ndipo tukaendelea.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kukaa karibu na diko la samaki, pale wavuvi wanaposhusha, panapopatikana mtandao mzuri, nikatuma. Mstari ulijaa taratibu, nami nausomea dua kila hatua. Ukamalizika kabla ya sala.

Somo lile lilipata alama za chini kuliko mengine yote. Mkaguzi aliandika: "Mwalimu ametumia muda mrefu kuzungumza na mwanafunzi mmoja." Hata hivyo nilifaulu, kwa alama za kawaida tu. Kwenye orodha ya skuli neno "msaidizi" likakatwa kwa kalamu nyekundu, nami nikamfanya Mwalimu Mkuu alikate mbele yangu.

Sasa nimestaafu. Walimu vijana huja barazani kuniuliza ni programu gani nzuri, ni projekta ipi haichoki. Nawaambia ninachokijua, na ninafurahi mpaka sauti inapanda, maana laiti ningezaliwa baadaye kidogo ningefundisha kwa vyombo hivi miaka arubaini! Ila nawasihi jambo moja: mashine ikikuaibisha mbele ya watoto, usiiguse kwanza. Waulize watoto wanaona nini, kisha wewe ujibu.

Mwezi ule ule wa cheti, asubuhi moja, Mama Riziki alipita kwangu njiani kwenda zahanati kwa mara ya pili kuonana na daktari wake. Amevaa miwani mipya aliyopewa safari ya kwanza, fremu nyekundu, imemkaa kidogo upande. Alitoa simu, akafungua ujumbe wa daktari, akaisogeza, akaitenga, akaisogeza tena.

"9:00," akasoma. "Saa tatu. Leo sikumwita Riziki."