Kanisa lilinipa kazi ya kumupima mutoto wangu kama anaweza kwenda misioni ya ng'ambo

Wakuu wa humu, amani kwenu kutoka Kalundu, Uvira.

Minye (kwetu ndiyo kusema mimi) ni koko, bibi wa wajukuu saba. Masomo niliishia kilasi ya tatu primeri, naandika na kidole kimoja. Nikikosea herufi, muvumilie. Nikisema uongo, Mungu ananiona, na Mama Zaina jirani yangu anasoma humu. Hatanihurumia.

Leo asubuhi wamenipigia simu ya video kutoka Madagasikari. Furaha hii siwezi kukaa nayo peke yangu. Musikilize.

Mutoto wangu wa mwisho, Bienfait, alikuwa anatengeneza mashini za hospitali. Mke wake Solange ni mwalimu. Wana watoto wawili, Gloire na Naomi.

Nyumba yao ilikuwa na karelaji chini, vile vigae vya kung'aa, friji, maji ndani, gari mulangoni. Minye nikienda kule nilikuwa naogopa hata kukanyaga.

Siku moja wakaja kwangu wote wanne. Wakasema Mungu amewaita kutumika Madagasikari, kwenye kijiji cha wavuvi, hakuna umeme, hakuna nini.

Nikauliza, "Wamisionari si ndio wanakuja kwetu? Tangu lini wanatoka Uvira?"

Bienfait akacheka. "Tangu sasa, mama."

Minye sikucheka. Baba yake alishakufa, dada zake wameolewa mbali. Na huyu akienda, nani atanizika?

Sasa komite ya kanisa ikasema familia ifanye kwanza staji, mazoezi ya miezi miwili kwenye nyumba isiyo na raha. Wakachagua nyumba yangu! Kwangu hakuna umeme, maji tunachota mbali, na kazi ni kuanika ndagala, wale dagaa wetu, kwenye mchanga wa ziwa.

Tena wakasema mwisho wa staji, minye ndiye niambie komite: wanaweza, au hawawezi.

Wakuu, hapo komite ilikosea. Kumupa mama kazi ya kuamua kama mwanawe amuache?

Nasema wazi: niliamua washindwe.

Jua halijatoka, nawaamsha kuchota maji. Bugali na sombe, majani ya muhogo yasiyo na mafuta, leo, kesho, keshokutwa. Solange akiungua vidole kwenye babula, jiko la makaa, namuambia apike tena.

Gloire ananiuliza, "Koko, maji ya baridi iko wapi?"

"Iko ziwani."

Bienfait akipita na bidoni ya maji begani, wamama wa bichi wanamuchokoza, "Injinia, gari imekufa?"

Naye anajibu, "Gari nimeuza, sasa gari ni minye!" Wanacheka mpaka wanamusaidia kubeba.

Minye nanuna tu. Wiki zinapita, hakuna anayeomba kurudi nyumbani.

Ngoja niwaambie kitu kimoja kwanza. Minye na Mama Zaina tulikuwa hatusalimiani, miaka. Sehemu zetu za kuanika zinapakana, mpaka ni mawe. Yeye alisema minye nimesogeza mawe, minye nikasema ni yeye. (Mama Zaina, usianze.)

Tuendelee.

Wiki ya sita nilikuwa sokoni. Nikaona wingu jeusi linashuka kutoka milimani. Nikakimbia, na hizi goti zangu! Kwetu kuna bashi moja tu, ile plastiki ya buluu ya kufunika ndagala mvua ikija.

Nafika, ndagala zangu zinaogelea. Bienfait anazizoa kwa mikono kwenye beseni.

Na bashi yangu? Iko juu ya ndagala za Mama Zaina! Upepo unataka kuibeba. Solange amelala juu ya kona moja, Gloire nyingine, Naomi nyingine, wamelowa, wanaimba.

Nikapiga kelele, "Solange! Weye kipofu? Zetu ziko huku!"

"Najua, mama. Lakini Mama Zaina ameenda dispansere, mguu wake unamuuma. Sisi tuko wanne, yeye hana muntu."

Nusu ya ndagala zangu ikaoza. Siku mbili nilikuwa natupa zilizooza.

Siku ya tatu Mama Zaina akaja anachechemea, ungo umejaa ndagala kavu. "Mukamwana wako amenitia haya. Pokea. Na yale mawe, uyaweke pale unapotaka. Nimechoka."

Wakuu, niliahidi kusema ukweli. Mawe nilisogeza minye.

Nilienda nikayarudisha, moja moja, mchana kweupe, wamama wote wakiangalia.

Siku ya komite ikafika. Mzee mmoja akaniuliza, "Mama, wanaweza?"

Nilikuwa na "hapana" yangu tayari, nimeitunza miezi miwili. Nikamuangalia Solange, mikono imechubuka, ananiangalia bila kuomba kitu.

Nikasema, "Wanaweza. Musiwacheleweshe. Anayebaki kwenye staji ni minye."

Wakaenda. Nililia, sifichi.

Na leo asubuhi, video! Gloire amekuwa mweusi wa jua, anapiga kelele, "Koko, angalia, huku pia wanaanika samaki!" Naomi ananionyesha bashi yao. Kubwa kuliko yangu! Solange anacheka na wamama wa kule kama amezaliwa nao.

Bienfait akaniuliza kama niko mzuri. Kabla sijajibu, Mama Zaina akaingiza kichwa kwenye simu. "Usihangaike, mwanangu. Huyu nitamuzika minye."

Nikamuambia, "Na huo mguu? Utatangulia weye!"

Tulicheka mpaka simu ikakata.

Nilichojifunza: nilikuwa nawapima wao, kumbe aliyekuwa anapimwa ni minye.

Munaolea watoto wenye wito wa mbali, mulifanyaje? Muandike hapa chini. Na kama kuna anayesema wamisionari hawatoki kwetu, naye aandike. Kidole changu hakijachoka.