Jina la Ng'ombe wa Mahari

Wiki iliyopita binti yangu, anayesomea kuongoza watalii, alinikalisha jikoni nimshikie daftari lake la Kijerumani huku akiandika majina ya wanyama kwa kichwa. Alipofika kwa mtamba nikamsimamisha. Hapo weka a yenye nukta mbili juu, nikamwambia, ukiweka e umeandika kisigino. Akanikodolea macho, kwa sababu anajua sijawahi kukanyaga darasa la lugha hiyo. Nami neno ninalolijua ni hilo hilo moja. Yeye alikuwa na haraka ya mtihani, basi ngoja nikusimulie wewe.

Kwetu ni upande wa Manchira. Jirani yetu aliwahi kuwapikia Wajerumani waliokuwa wakichunguza wanyama hifadhini, na walipoondoka walimwachia masufuria mawili na kitabu cha picha za mifugo. Jioni nikimpelekea maziwa, alikuwa ananiruhusu kukifungua, mradi mikono yangu isiwe na mavi ya ng'ombe. Picha niliyoipenda ilikuwa ya ng'ombe jike mwekundu, na chini yake pameandikwa Färse. Akanieleza kwamba huyo ni mtamba, yaani jike ambaye bado hajazaa. "Sema fe, hiyo r uimeze kooni, kisha ze, fupi. Ukiikwaruza r kama Mkurya utamfukuza zizini." Nilirudia mpaka akakiri kwamba nimempita yeye.

Mimi nilikuwa na mwekundu wangu. Nasema wangu, ingawa kwetu mtoto wa kike hakuwa na ng'ombe. Mama wa ndama huyo alikufa akamwacha ana siku tatu, na bibi akanikabidhi nimnyweshe maziwa kwa kumnyonyesha vidole vyangu kwenye bakuli. Ng'ombe wengine wote pale nyumbani waliitwa kwa rangi zao, kwa Kikurya. Wangu nilimwita Färse. Na kwa bibi hukushika chuchu ya ng'ombe kabla hujamwita kwa jina lake, taratibu, mkono ukiwa mgongoni. Alisema hata wewe usingependa kushikwa na mtu asiyekusalimu.

Basi alikua, akazaa, na kazi ya kumkamua ikabaki yangu. Jirani alinitania sana. Mwenzako ni mama sasa, alisema, Mjerumani angemwita jina jingine, wewe bado unamwita msichana. Sikubadilisha. Alikuwa akisikia jina hilo anatulia, masikio yanalegea, na maziwa yanaanza kulia ndani ya kibuyu.

Kaka yangu akaoa kijiji cha Nyakunguru. Wakwe walikuja kukagua ng'ombe wa mahari, wakatazama meno, wakatazama pembe, wakashika kiwele, wakawatembeza. Färse wakamchagua wa kwanza. Aliondoka na ndama wake na kamba yake, na hakuna aliyeuliza jina, maana kila mtu alijua ng'ombe mwekundu anaitwaje kwa Kikurya. Nilikuwa na miaka kumi au kumi na mmoja. Niliuma nguo yangu nisilie mbele ya wageni.

Hazikupita wiki mbili, habari zikaja. Ng'ombe anazuia maziwa. Anamnyonyesha ndama wake tu, mtu akisogea anapiga teke. Wakwe walisema tumewapa ng'ombe mbaya kwa makusudi, tulete mwingine anayekamuliwa, la sivyo binti yao arudi kwao. Baba hakuwa na mwingine. Aliniita akaniuliza nilikuwa namkamuaje.

"Kawaida tu, baba," nikasema.

Nilidanganya huku namtazama usoni. Nilijua kabisa tatizo ni nini, na nilitaka arudishwe. Wifi yangu nilimpenda, ndiye aliyenifundisha kusuka, lakini kati yake na ng'ombe wangu nilishachagua.

Siku ya tatu nilimkuta wifi anakunja kanga zake, macho yamevimba, na kaka ameketi nje. Nikakimbilia kwa bibi, aliyekuwa anafukiza vibuyu kwa kaa la moto. Hakuinua kichwa.

"Ng'ombe wako ulikuwa unamwita nani?"

Nikaanza kumpangia vibuyu.

"Mwenzako anafunga mizigo."

Nililia nikamwambia yote. Hakunichapa, na ningependelea anichape. Kesho yake tukapanda basi, mimi na yeye, mpaka Nyakunguru.

Mama yake wifi alikuwa mrefu na hakuwa na mzaha. Niliposema shikamoo aliitikia huku akinipima kwa macho. "Ndiye huyu mkamuaji?" Akatupeleka zizini. Färse alikuwa amekonda kidogo. Nikaweka mkono mgongoni kwake, nikasema jina, na maziwa yakaja kama vile hatukuwahi kuachana. Kwa dakika ile nilifurahi kupita kiasi. Kisha yule mama akachuchumaa kando yangu.

"Nifundishe."

Ningeweza kulisema vibaya, nani angejua. Lakini bibi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamfundisha kama nilivyofundishwa, fe, meza r, ze. Mara ya kwanza ng'ombe hakujali. Mara ya pili akatikisa mkia. Mara ya tatu Färse akageuza kichwa, akamtazama yeye, akamwachia maziwa.

"Sasa ni wenu," bibi akasema.

Wifi hakurudi kwao. Leo ana wajukuu. Bibi hayupo, jirani hayupo, na kile kitabu sijui kiliishia wapi. Pale Nyakunguru zizi limekuwa uwanja wa kupondea mawe ya dhahabu, na maziwa wananunua ya pakiti dukani. Ndugu zangu tukikutana bado wananionea huruma, wanasema nilinyang'anywa ng'ombe wangu siku wakwe walipomfungua kamba. Huwa nawaacha waseme. Siku ile hakuna aliyeninyang'anya kitu. Nilimtoa mwenyewe, kwa mdomo wangu, na nilikuwa nimesimama karibu naye alipogeuka kumtazama mwingine.