Benchi Ndani ya Sauna

Hapa Kuhmo, mji mdogo wa Ufini, ukiuliza nani anajua kuhifadhi viti vya bustani wakati wa baridi, utaonyeshwa nyumba yangu. Au tuseme ungeonyeshwa zamani. Mimi, Kyösti Karppinen, mstaafu wa kiwanda cha mbao, kila Oktoba nilizunguka kwa majirani bila kualikwa, mikono nyuma, nikiwafundisha. Usifunge mbao kwa nailoni, zitatoka jasho na kuoza. Miguu ya kiti iweke juu ya matofali. Usiviingize penye joto, vitapasuka. Mbao haziogopi baridi, zinaogopa maji, niliwaambia, kisha nikanyamaza kidogo ili wapate nafasi ya kunishangaa. Sikumbuki aliyeitumia nafasi hiyo.

Mganga hajigangi. Mwezi Machi paa la banda langu lilianguka kwa uzito wa theluji, kwa sababu bingwa mwenyewe alikuwa ameahirisha kuikwangua. Oktoba ikanikuta na meza, viti sita vya plastiki na benchi la mama mkwe, sina pa kuviweka.

Meza na viti havikuninyima usingizi. Benchi ndilo lililonitesa. Marehemu Vilho alilitengeneza kwa mbao za msonobari mwaka aliomwoa mama mkwe wangu, Mama Taimi, ambaye sasa ana miaka themanini na sita na anaishi katika kinyumba kidogo uani kwetu. Kila mwaka theluji ikiisha, kahawa yake ya kwanza ya nje huinywea hapo. Mwaka huo alinishika mkono akaniambia, "Mkwe wangu, nitunzie benchi langu. Nataka nilikalie tena mwezi wa tano." Nikamwahidi, tena kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika.

Basi nikaamua kuvipanga vyote ndani ya sauna, kibanda chetu cha kuogea kwa mvuke. Mke wangu Sirkka akauliza Jumamosi tutaogea wapi. Nikasema kwa jirani yetu Unto. Unto alitukaribisha vizuri, ila akanishauri nitoe fyuzi ya jiko la umeme la sauna, maana swichi yetu iko kwenye korido ya nyumba na mkono una mazoea yake. Nilimjibu kwamba nimeiwasha sauna hiyo kwa miaka arobaini na sihitaji mwalimu. Benchi nililipindua, miguu juu, nikalilaza juu ya jiko lenyewe lisiguse sakafu yenye unyevu. Nikamwita hata Sirkka aje aone ustadi.

Jumamosi ya tatu ya Novemba, saa tisa alasiri, giza likianza kuingia kama kawaida ya huku wakati wa baridi, nilipita kwenye korido, nikazungusha swichi kama nilivyoizungusha Jumamosi zote za maisha yangu, nikaketi kusoma gazeti. Baada ya muda nikamuuliza Sirkka kama ameshatoa soseji za kula baada ya sauna.

"Soseji za nini?" akasema. "Si tunaenda kwa Unto?"

Nilimtazama. Kisha nikatoka mbio na soksi, kwenye theluji iliyofika magotini. Nilipofungua mlango moshi ulinipiga usoni. Viti vya plastiki vilikuwa vimelegea, kimoja kimemwegemea mwenzake kama walevi wanaorudi nyumbani. Nikalikokota benchi hadi nje, nikalitupa kwenye theluji, likatoa mlio wa kitu kinachokaangwa. Ubao wa kukalia ulikuwa mkaa mtupu katikati.

Sirkka alinitaka niende kumwambia mama yake siku hiyo hiyo. Nikasema moyo wake hautastahimili. Ukweli ni kwamba niliogopa. Msimu mzima nikajichimbia kwenye chumba cha chini ya nyumba, nikiranda ubao mpya na kuupaka kahawa ili uonekane mkongwe. Na kwa kuwa uso wangu haujui kudanganya, nikawa namkwepa Mama Taimi. Zamani kila alasiri nilikuwa nikienda kwake kunywa kahawa na mkate wa iliki, nisikilize habari za ng'ombe waliokufa kabla sijazaliwa. Sasa nilimtuma Sirkka apeleke kuni, nikisingizia mafua. Mafua hayo yalidumu miezi mitano.

Mwezi wa tano nikalitoa benchi. Mama Taimi akaja na mkongojo wake na kikapu chenye birika la kahawa na vikombe viwili, akaketi, akapapasa ubao kwa kiganja. Nilisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Huu wa katikati mpya," akasema.

Nikaanza kumweleza habari za wadudu.

"Wadudu gani, baba? Siku ile nilikuwa dirishani. Nilikuona unakimbia na soksi. Nilicheka mpaka meno ya bandia yakanitoka."

"Sasa mama, mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri uje useme wewe. Kila siku nachemsha kahawa ya watu wawili, yako naimwaga." Hakuwa anacheka tena. "Hata lingeungua lote, mwanangu, hizi ni mbao tu. Mimi baridi zilizonibakia ni za kuhesabu kwa vidole, na moja umeimaliza yote unanikimbia."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akasogea kidogo, akanionyesha nafasi pembeni yake, nikaketi. Kikombe alichonimiminia kilikuwa kimeshapoa. Nikakinywa hivyo hivyo, sikuthubutu kumwomba cha moto.