Baba Mkwe Alisema Simwamkii

Jamani, sebule nzima ilikuwa inalia mlio wa kutoboa masikio. Mimi nimeziba masikio, mume wangu ameziba, mtoto analia hadi anakosa pumzi.

Baba mkwe ametulia kwenye kiti chake. Akamgeukia mwanawe akauliza, "Mbona umezima?"

Siku hiyo ndipo nilipojua kwa nini ndoa yangu ilikuwa inakufa. Nisomeni taratibu, maana hapa naandika nikiwa na hasira.

Naitwa Rebeka, kwetu Ilongero. Niliolewa Mandewa na Calist, fundi wa vyombo vya muziki, anafunga spika kwenye kumbi na makanisani. Mama mkwe alishatangulia mbele za haki. Nyumbani tulikuwa mimi, Calist, mtoto wetu Enock ambaye bado ananyonya, na mzee mwenyewe, Mzee Laurenti Mughwai.

Mzee Laurenti si mtu wa mchezo. Amefundisha kwaya tangu ujana wake. Yakija mashindano ya kwaya, jaji mkuu ni yeye. Watu wanasema alikuwa anakaa benchi la mwisho kanisani na bado anakutajia jina la aliyekosea noti. Hiyo ndiyo heshima yake mjini, na hana nyingine.

Sasa Calist anampenda baba yake mpaka unamhurumia. Mzee alipoanza kulalamika kwamba nyimbo za kwaya siku hizi hazina uhai, Calist akalibeba neno hilo kama amri.

"Baba, hizi za kutumiana WhatsApp zimekamuliwa kama alizeti," alimwambia. "Mafuta yametoka yote, wewe unasikiliza mashudu. Ngoja nikutafutie faili kamili ambalo halijakatwa kitu."

Akaanza kupakua mafaili ya FLAC. Wimbo mmoja unakula bando utadhani umepakua filamu. Akaleta amplifaya, akaleta spika mbili ndefu zinazonifika kifuani. Sebule yangu ikawa kama studio, nikawa napita kiupande na beseni la nguo.

Mzee anakaa, anafumba macho, anasikiliza. Halafu anatoa hukumu.

"Bado. Soprano wako wapi? Huu wimbo umefunikwa blanketi."

Calist anatafuta faili kubwa zaidi. Anapandisha sauti za juu mpaka kila mwimbaji akitamka S unahisi sindano. Mzee anasema bado. Mimi nacheka kimoyomoyo, nadhani wataalamu wa muziki ndivyo walivyo.

Kumbe na mimi kesi yangu ilikuwa inapikwa humo humo.

Kwetu mkamwana hapazi sauti mbele ya baba mkwe. Mama yangu alinifunda hivyo, na sikuona shida. Asubuhi Calist akishatoka kwenda kazini kwake, nambebea mzee chai barazani. Nainama, macho chini, naamkia kwa sauti ndogo. Sauti yenyewe Mungu alininyima, ni nyembamba, shuleni walikuwa wananiita kifaranga.

"Shikamoo baba."

Kimya. Mzee anaangalia barabarani.

Mwanzoni nikasema labda ana mawazo. Baadaye nikaona labda nimemkosea. Nikaongeza adabu, nikainama zaidi, nikashusha sauti zaidi. Nyie, nilikuwa najichimbia kaburi mwenyewe bila kujua.

Akaja Shangazi Klara, dada yake mzee. Hakukaa hata dakika, akanifuata jikoni.

"Mama Enock, kaka yangu ana uchungu. Anasema unamwekea chai kama unamwekea mbwa. Shikamoo humpi, unapita tu."

"Shangazi, mbona namwamkia kila siku?"

"Kwa hiyo kaka ni mwongo?"

Hapo unajibu nini? Nikisema ndiyo, nimemtukana mzee. Nikisema hapana, nimekiri kosa. Nikanyamaza, na kule kunyamaza nako wakanihesabia kosa.

Calist aliporudi nikamwambia. Akavua viatu, akashusha pumzi.

"Mke wangu, si umwamkie tu yaishe?"

"Calist, namwamkia!"

"Basi mwamkie vizuri."

Niliingia chumbani nikalia. Maana kama hata mume wangu haniamini, nitamlilia nani?

Ndipo ikafika Jumamosi ya ule mlio. Mzee alikuwa ameshikilia kwamba twita zimeungua, zile spika ndogo zinazotoa sauti za juu. Calist akasema atazipima mbele yake. Akaweka faili la kupimia, sauti moja tu inayoanzia chini kabisa ikipanda mpaka juu.

Ilianza kwa kunguruma kama mashine ya kusaga. Mzee akainua kidole, akawa anaifuata, kama anaongoza kwaya. Sauti inapanda, kidole kinapanda. Tulipofika kwenye sauti za wanawake, kidole kikaanza kusitasita. Mbele kidogo kikasimama.

Sauti haikusimama. Iliendelea kupanda mpaka tukaziba masikio na Enock akapiga kelele, na hata kelele za mjukuu wake mzee hakuzigeukia.

"Mbona umezima?" akauliza.

Calist akanitazama. Twita zilikuwa nzima kabisa. Hapo mimi nikaelewa, kwa sababu sauti yangu inakaa huko huko juu, na tena mimi naishusha kwa adabu.

Nilimvuta Calist jikoni. Nikamwambia, "Baba hasikii sauti za juu. Ni umri tu, si aibu. Mpeleke hospitali wakampime."

"Baba yangu? Aliyenifundisha mimi kusikiliza?"

Lakini alijaribu. Alimwendea baba yake kwa upole, akasema waende mara moja tu wakapime masikio. Mzee akasimama.

"Mkeo ndiye amekutuma. Kunisalimia hataki, sasa anataka kunitangaza kiziwi!"

Kesho yake nikaamua liwalo na liwe. Nikaweka chai, nikajaza pumzi, nikapaza sauti yote niliyonayo.

"SHIKAMOO BABA!"

Mzee akashtuka, chai ikamwagikia kwenye kanzu. Jirani yetu Mama Rukaiya akachungulia juu ya uzio, mkono mdomoni.

"Haa! Mama Enock, unamfokea mkweo?"

Nilijua nimekwisha.

Kikao kilikaa wiki hiyo hiyo. Shangazi Klara na wazee wa ukoo upande mmoja, mimi peke yangu kwenye mkeka. Mashtaka yakasomwa: haamkii, na akiamkia anafoka. Mama Rukaiya akaitwa akaeleza alichokiona, na hakuongeza neno la uongo. Calist alikuwa anaangalia sakafu.

Wakaamua nirudi Ilongero nikapumzike mpaka nitakapoitwa. Mnajua wenyewe maana ya kupumzika huko.

Nilikuwa nafunga nguo za mtoto, mzee akasimama mlangoni. Wengine walikuwa nje wanakula. Akanionyesha kwa mkono nikae kwenye mwanga, nimtazame.

Nikamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu niolewe.

"Rebeka," akasema kwa sauti ya chini, "najua unaniamkia."

Nikaziweka chini nguo za mtoto.

"Kuna siku uliinua uso, nikaona midomo yako. Tangu hapo nikawa naangalia barabarani, nisione. Nasikia gari, nasikia besi, nasikia wanaume wakiongea. Sauti zenu wanawake zimeondoka. Nilidhani ni spika. Kisha nikajua si spika."

"Sasa baba, kwa nini?"

"Mkamwana akirudishwa kwao, kesho anaitwa anarudi. Mimi nikitoka kwenye kile kiti cha jaji, nani ataniita tena? Nitakuwa mzee wa kukaa barazani tu."

Nililia kama mtoto. Nikamshika mikono, kitu ambacho mkamwana hafanyi. Nikamwambia, "Baba, mwambie basi Calist. Calist peke yake. Usinivunjie nyumba yangu."

Alikuwa ananitazama mdomo. Kisha akageuza uso akatazama dirishani.

"Umesema nini?" akauliza, akatoka.

Mpaka leo sijui kama hakusikia au hakutaka kusikia.

Nilimweleza Calist yote siku aliponisindikiza. Akasema, "Mama Enock, nakuamini. Lakini nitasimamaje mbele ya shangazi niseme baba yangu ni kiziwi na tena ni mwongo?" Nilimpenda na nilimchukia kwa wakati mmoja.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mashindano ya kwaya yakafika, Mzee Laurenti akakaa kiti chake. Mimi nilikwenda, nikasimama nyuma na Enock mgongoni. Ikapanda kwaya moja ambayo soprano zao zilitoka nje ya wimbo vibaya sana, hadi watoto wakawa wanacheka.

Mzee akawapa ushindi.

Ukumbi ulipoa. Kila mtu aliangalia chini. Nilimwona Shangazi Klara amejifunika mdomo kwa kitenge, nilimwona Mama Rukaiya, nilimwona mume wangu kwenye mashine zake. Wote walielewa. Kisha mmoja akaanza kupiga makofi, na ukumbi mzima ukafuata.

Baada ya mashindano Shangazi Klara alinipita mlangoni. Akamshika Enock shavu, akasema "Ukue salama," akaenda zake.

Hakuna aliyekuja kuniita.

Ndugu zangu, mkiwa na mzee ambaye haitikii salamu, kaeni mbele yake aone midomo yenu, na mumpeleke akapimwe mapema kabla hajaanza kuogopa. Akishaanza kuogopa, hakuna faili wala spika itakayomsaidia, na mtu mwingine ndiye atakayelipa. Mimi niko Ilongero, napalilia mtama wa baba yangu. Calist anakuja Jumapili, anambeba mtoto, ananiambia nivumilie, wanamwonea huruma mzee.