Nilivyotafsiri Sinema ya Kaburi la Misri, Mtu Akauawa

Mwaka 1977 niliua mtu kwa kipaza sauti.

Sikumgusa. Hata kofi sikumpiga. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, na watu mia tatu walikuwa kimya wakisubiri neno langu.

Naitwa Joram, wa Nyamisangura, Tarime. Nina miaka sabini na tano. Mjukuu wangu kanionya kwamba humu mnatukana sana kwenye komenti. Tukaneni tu, ila someni mpaka mwisho kwanza.

Wakati huo nilikuwa nimerudi kutoka Kericho nilikokuwa nachuma chai. Nimerudi na suruali ya bugaluu, saa ya mkononi na maringo kibao. Februari mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Kenya hakuendeki tena, nikabaki nyumbani naota jua kama mjusi.

Ndipo nikasikia gari la sinema linatafuta mtu anayejua Kiingereza.

Lilikuwa Landrova, linazunguka vijiji vya ujamaa likionyesha sinema za kilimo cha pamba na uchimbaji wa vyoo. Mwenye mashine alikuwa mzee mmoja kutoka Bukoba, Stanslaus. Kikurya hajui hata salamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kiingereza unakijua?"

"Mzee, mimi nimekaa na Wazungu miaka mitano!"

Kukaa nao nilikaa, kweli. Wao barazani, mimi shambani. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, na hata hayo maji sina hakika kama ningeletewa.

Mzee akaninyooshea kidole. "Aliyekutangulia nilimfukuza. Alikuwa anatunga. Ukitunga, unashuka garini hapo hapo."

"Sitatunga, mzee."

Basi, kazi nikapata.

Sasa sikilizeni. Ili watu wasikimbie zile sinema za vyoo, gari lilibeba mkanda mmoja wa burudani. Wazungu wanatafuta kaburi la mfalme wa zamani huko Misri. Jangwa, ngamia, ngazi zinashuka chini ya ardhi, milango ya mawe, bastola. Utamu mtupu!

Shida ni moja tu. Wale Wazungu walikuwa wanaongea kama cherehani. Sikuambulia kitu.

Nikatunga, ningefanyaje?

Mzungu mrefu mwenye kofia nikamwita Marwa. Mwenye ndevu nikamwita Okech. Yule mama wa Kizungu akawa Zilpa. Wakifukua mchanga, nasema Marwa katoroka kwenye shamba la kijiji, anatafuta mali ya mkato. Watu hoi! Mzee Stanslaus yuko nyuma na mashine yake, anaona kijana anatafsiri kwa Kikurya, watu wanafurahi, naye anafurahi.

Na nilikuwa na mbinu. Tukifika kijiji, natangulia kwenye pombe. Nakaa na watu kuzunguka chungu, mrija mdomoni, nachota umbea wa hapo. Nani kafumaniwa, nani kala mbuzi wa jirani. Halafu nautia kwenye sinema. Nilijiona mjanja kuliko dunia nzima.

Aprili tukafika kijiji kimoja ng'ambo ya Mbalibali, upande wa Mugumu. Jina nalihifadhi, wajukuu wa watu wapo.

Mvua ilikuwa haikatiki, kwa hiyo tukaambiwa tuonyeshee ndani ya ghala la pamba, saa tisa mchana. Wakaziba madirisha kwa magunia. Ghala kubwa, giza, mlango mmoja.

Mchana ule kwenye chungu nilikuwa nimepata habari moja. Kuna mtu wa pale, Heche, Januari alivuka na ng'ombe kwenda kuwauza Kenya. Mpaka ukafungwa, akawa kimya. Mke wake Agustina na ng'ombe waliobaki wako chini ya mdogo wake Heche, anaitwa Kornelio.

"Wengine wanasema hata hakuvuka," mlevi mmoja akaninong'oneza, huku anacheka.

Na mimi nikacheka. Nikaiweka akibani.

Sinema ikaanza. Watu wamejaa mpaka juu ya mizani ya pamba. Mbele kabisa kulikuwa na jamaa mmoja mwembamba mwenye kicheko cha kuambukiza. Kila nikisema kitu, yeye wa kwanza. Nikampenda. Nikawa natafsiri kama kwa ajili yake.

Tukafika pale Wazungu wanafungua jeneza la mawe. Kifuniko kinasukumwa. Ndani, maiti imeviringishwa vitambaa kutoka kichwani mpaka miguuni.

Nikapaza sauti: "Heee! Jamani! Si Heche huyu? Mnaambiwa yuko Kenya anakunywa chai ya maziwa, kumbe kafukiwa kwenye zizi la zamani!"

Ghala zima likapasuka kwa kicheko.

Kwenye kitambaa cha sinema, Mzungu mwenye ndevu akaanza kulia. Nikaongeza chumvi: "Na huyu anayelia ni mdogo wake! Analia kwa jicho moja, la pili linahesabu ng'ombe!"

Kicheko kikakatika.

Akabaki anacheka yule jamaa mwembamba peke yake. Naye akaona wenzake wamenyamaza, akanyamaza.

Kumbe ndiye Kornelio.

Naomba mnielewe hapa. Watu wale hawakuwa wajinga. Hakuna aliyeamini kwamba Wazungu wa Misri wanamjua Heche. Waliamini mimi ndiye ninayejua. Natoka Tarime, mpakani. Nimefanya kazi Kenya. Walidhani nimepata taarifa nzito, nikashindwa kuitamka uso kwa uso, nikaipitishia kwenye sinema. Wazee wetu ndivyo walivyozoea, jambo zito wanalizungusha.

Agustina akasimama. "Nilijua!" akapiga ukelele. "Nilijua mimi! Mume wangu hawezi kunyamaza hivi!"

Kaka yake, Mogesi, kipande cha mtu, akaenda kusimama mlangoni.

Kornelio akasimama atoke. Sijui alitaka nini. Labda hewa. Lakini mtu akisimama atoke wakati ule, wenzake wanaona anakimbia.

"Kaa chini, mura," Mogesi akamwambia.

"Nipishe."

"Heche yuko wapi?"

"Yuko Kenya! Wote mlimwona anaondoka!"

Mogesi akanigeukia. "Wewe wa kipaza sauti! Hayo ya Heche umeyatoa wapi?"

Mashine inazunguka, Wazungu wanaongea, hakuna anayewasikiliza. Nyuso zote kwangu.

Kornelio akanitazama. Nasema kweli mbele ya Mungu, alinitazama kama mtu anayemtazama ndugu yake. "Waambie," akasema. "Waambie ni utani wako."

Ilikuwa inatosha kusema nimetunga, Kiingereza sikijui. Basi. Ningefukuzwa kazi, labda ningepigwa mawe mawili matatu, nirudi Tarime kwa miguu.

Nikamwangalia mzee Stanslaus. Nikaangalia bugaluu langu. Nikaona aibu itakayonipata.

Nikasema, "Nimeyatoa huko nilikotoka. Mpakani."

Basi, kimenuka.

Kornelio alimrukia Mogesi, akamchapa fimbo ya uso, damu ikaruka. Mogesi hata hakuyumba. Akamkamata shingo, akambamiza ukutani. Rungu la kwanza likatoka nyuma, sikuona la nani. Likampata begani, nikasikia mfupa. Akaanguka magotini. Akainuka! Alikuwa mwembamba lakini alipigana, jamani. Alimng'ata mmoja mkono mpaka nyama ikabaki mdomoni. Wakamrudia kwa marungu, kwa mateke, kwa jiwe la mizani ya pamba. Wanawake wanapiga mayowe, watoto wanakanyagwa, ilikuwa patashika nguo kuchanika.

Akapita mbele ya mwanga wa mashine, anatambaa. Sinema ikawa inaonekana mgongoni kwake, mchanga na ngamia. Akashika kitambaa cha sinema ajiinue, kikachanika, akaanguka nacho.

Hapo panga likashuka. Mara ya kwanza, mara ya pili. Ya tatu hakuinua mkono.

Na mimi bado nimeshika kipaza sauti. Kinafanya kazi. Kilitoa sauti ya pumzi zangu ghala zima.

Mnadhani iliishia hapo? Hasira ya watu wengi haina breki. Wakachukua majembe na sururu, wakaenda kwenye mahame, yale maboma ya zamani walikotolewa kuletwa kijijini wakati wa Operesheni Vijiji. Wanamtafuta Heche. Wakanibeba na mimi.

"Zizi lipi?" Mogesi akaniuliza. Uso mzima damu.

Nikanyoosha kidole. Popote tu. "Pale."

Wakachimba na mvua ile. Mwanadamu akiingia kwenye uongo anakuwa fundi. Wakikosa, naonyesha pengine. Mashimo manne. La mwisho lilimzidi mtu urefu. Tulipata mifupa ya ng'ombe tu.

Mnafikiri waliniuliza kulikoni? Wapi! Mmoja akasema, "Kauhamisha mwili, mshenzi yule." Wote wakaitikia.

Polisi wakaja kutoka Mugumu. Watu mia tatu waliulizwa, na hakuna aliyeona aliyepiga. Mogesi alishapotea siku ile ile, na mpaka leo hajaonekana. Na ukoo ukakataa kumzika Kornelio nyumbani. Muuaji wa ndugu yake? Walimtia katika lile shimo refu la mahame, bila sala, bila hata mama yake kuruhusiwa kufika.

Mimi nilirudi Tarime, na kazi sikuiacha. Mzee Stanslaus, Kikurya hajui, alidhani ni ugomvi wao wa kijiji tu. Niliendelea kutafsiri miezi minane mingine.

Mwisho wa 1978, redio zote zinasema vita ya Kagera, mtu akabisha hodi kwetu Nyamisangura. Mrefu, amekonda, koti limemzidi. Ana rungu.

"Wewe ndiye Joram wa sinema?"

"Ndimi."

"Mimi ni Heche."

Nikakaa chini bila kukaribishwa nyumbani kwangu mwenyewe.

Alikuwa jela Kenya, kasingiziwa ng'ombe wa wizi. Mwaka mmoja na nusu, barua haivuki. Katoka, kapita njia za panya, kafika kwao. Watu wakamkimbia kama mzuka. Akauliza mdogo wake yuko wapi.

"Nani alikuambia nimekufa?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Sasa hiyo sinema yenyewe ilisema nini?"

"Sijui."

"Hujui vipi, na wewe ndiye uliyetafsiri?"

"Kiingereza sikijui, kaka. Sijawahi kukijua."

Nilidhani ataniua. Alinipiga mara moja, mdomoni. Nikatema meno manne pale sakafuni. Nilingoja pigo la pili, halikuja.

"Amka," akasema. "Utakwenda kumtoa."

Tulitembea siku tatu. Kule kwenye mahame akanipa jembe, akanionyesha shimo. Kijiji kizima kimesimama, hakuna anayemwangalia mwenzake usoni. Agustina alikuwepo, kajifunika kanga mpaka kichwani. Nilichimba peke yangu kuanzia asubuhi. Heche alikataza mtu kunisaidia.

Mama yao, bibi Boke, alikaa ukingoni kanyoosha miguu. Nilipomfikia Kornelio, nilimtoa kwa mikono, mfupa kwa mfupa, nampa yeye. Anapokea, anafuta udongo, anaweka kwenye shuka. Fuvu lilikuwa limepasuka sehemu tatu. Alilishika muda mrefu.

"Mwanangu alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu, mama. Nilikuwa simjui."

"Alikuomba useme ni utani. Nimeambiwa alikuomba."

"Aliniomba."

"Kwa nini hukusema?"

Nikakosa uongo. Mara ya kwanza maishani, nikaukosa kabisa.

"Niliogopa kufukuzwa kazi, mama."

Hakunilaani. Alifunga ile shuka, akajaribu kuinuka, akashindwa, na ni mimi niliyemshika mkono kwa sababu ndiye niliyekuwa karibu. Akaukubali mkono wangu. Wakaenda kumzika mtoto wao nyumbani kwake, kando ya zizi, kama mwanaume anavyostahili. Mimi sikualikwa.

Ndugu zangu, hekima kubwa sina. Kama kitu hukijui, sema hukijui, na useme mtu akiwa bado mzima. Aibu ya siku ile ningeimaliza njiani, kabla sijafika Tarime. Hii nyingine nimeamka nayo leo asubuhi.