Mafuta ya Kondoo

Juzi, hapa Lodwar, mjukuu wangu anayefufua Landrova ya marehemu baba yangu alifungua kasha la vipuri, akakunja pua. "Bibi, mbona vyuma hivi vinanuka kondoo?"

Harufu ile ilinirudisha Kakuma, kwenye alasiri moja ya upepo, nikiwa mtoto. Mama alikuwa hoi kitandani, na gari la kumpeleka hospitali Lodwar lilikuwa limekufa gia uani. Baba alirudi na gia aliyoing'oa kwenye gari bovu huko Kalemng'orok. Grisi ilikuwa imeisha, kwa hiyo akaipaka gia hiyo mafuta ya mkia wa kondoo, taratibu, akaifunga kitambaa isiingie mchanga mpaka fundi aje asubuhi.

Kwetu anayepakwa mafuta hayo huwa anabarikiwa. Nikaamini gia ndiyo dawa yenyewe. Baba alipotoka nikaibeba, nikailaza ubavuni mwa mama chini ya shuka, nikasali.

Punde nikasikia masanduku yakipinduliwa. "Akiru! Gia iko wapi?"

"Imelala na mama."

Baba akafunua shuka. Mama akafumbua macho, akaipapasa, akacheka kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia kwa muda mrefu. "Baba Akiru, huyu mtoto wako mbona mzito hivi?"

Kesho yake gari liliwaka, mama akafika hospitali, akapona. Leo najua madaktari walifanya kazi yao, namshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini tangu siku ile baba, hata grisi ilipokuwa tele, hakuhifadhi kipuri bila kukipaka mafuta ya kondoo.