Kikombe Alichokiacha Mzee Bernardo

Esperansi Ndayisenga alizaliwa tarehe 9 Juni 1981 katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora. Kitabu cha ubatizo cha parokia ya huko kina jina lake. Burundi, nchi ambayo wazazi wake waliikimbia mwaka 1972, hajaikanyaga hata siku moja.

Hilo halikumzuia kukubali pale mwalimu Leodgar alipofika barazani kwake Isevya, mjini Tabora, ambako Esperansi anashona sare za shule. Leodgar ni mwalimu mstaafu anayeongoza Jirani Zetu, kikundi cha waumini wa Kikatoliki na Kimoravian ambacho kila mwaka hutenga Jumamosi moja kujifunza juu ya nchi moja ya Afrika. Mwaka jana ilikuwa Zambia. Safari hii ilikuwa Burundi. Walikuwa wamepata mtu wa ngoma na mtu wa vikapu, lakini hawakuwa na mtu wa kufundisha jinsi mgeni anavyopokelewa.

"Wewe si wa huko?" Leodgar aliuliza.

"Wa huko," Esperansi alijibu bila kuinua mguu kwenye pedali ya cherehani. Mwalimu alipoondoka ndipo alipogundua kwamba ameshona mfuko wa shati nje ndani.

Tangu siku hiyo hakutulia. Alisoma habari za Burundi kwenye simu hadi chaji inaisha: milima, mito, ziwa, mikoa, mazao, mwaka wa uhuru. Mumewe Emilian, Mnyamwezi wa Kigwa ambaye hazungumzi sana ila akitania, alimkuta jikoni akikariri majina ya mikoa huku ugali unaungua.

"Unakwenda kufundisha au kufanya mtihani?"

"Niache, baba Getruda."

"Mimi nimekuacha. Ugali ndio haujakuacha."

Emilian hakujua kwamba kulikuwa na jambo jingine. Leodgar alikuwa amesema kwamba mafunzo yatakayosifiwa na washiriki yatapelekwa Urambo mwezi unaofuata, na yatakayolalamikiwa yatabaki Tabora. Urambo kumejaa watu wa asili ya Burundi. Kati yao wamo wazee waliovuka mpaka kwa miguu wakiwa tayari watu wazima, na bado wanakumbuka. Mjini, jirani akimwita Esperansi "Mrundi" huwa anacheka naye. Akienda Ulyankulu, wakubwa humwita "mtoto wa mjini". Alitaka asimame Urambo mbele ya wazee wale, afundishe, na asiwepo wa kumkosoa. Mama yake, Mukeshimana, ambaye bado anaishi Ulyankulu, alipoambiwa kwa simu, alisema neno moja tu: "Haya." Mama huyo hajawahi kumsimulia mwanawe Burundi. Akiulizwa hutafuta kuni za kuchochea, hata kama moto unawaka vizuri.

Jumamosi yenyewe Esperansi alifika ukumbini kwa bajaji akiwa amepakata kibuyu cha mutobe, juisi ya ndizi mbivu zinazokamuliwa kwa nyasi hadi zitoe maji matamu. Hicho kitu hakukisoma popote. Amekikamua tangu akiwa mdogo, na hata mjini huagiza ndizi zake Ulyankulu.

Darasa lilijaa. Alianza na milima, akaja kwenye mito, akaja kwenye mikoa. Watu walikuwa wapole, wengine walisinzia kwa heshima. Mbele kabisa, kwenye kiti walichomwekea kwa sababu ya umri wake, alikaa mzee Bernardo wa Kwihara, mkulima mwenye koti zito lisiloogopa jua. Yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa mgeni wa mfano.

Esperansi alikaribisha, akasalimia, akamimina mutobe kwenye kikombe cha bati. Akanywa mafunda mawili. Akaongeza kilichopungua, akapiga goti kidogo na kumpa mzee kikombe kilekile kwa mikono miwili.

Mzee Bernardo alikipokea. Alikitazama. Kisha akakiweka chini karibu na mguu wa kiti, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Esperansi aliona. Aliendelea kuzungumza, akagawia wengine, watu wakasifu utamu, lakini jicho lake halikutoka kwenye kile kikombe. Labda mzee ana kisukari. Labda haamini kwamba si pombe. Wakati wa chakula alipita karibu na kiti kile mara kadhaa akijifanya anatafuta mfuniko wa kibuyu. Kikombe kilikuwa palepale, kimejaa, na nzi mmoja alikuwa ameshafika. Esperansi hakuugusa wali wake. Martha, fundi mwenzake wa barazani aliyekuja kumtia moyo, alimvuta mkono.

"Kaa chini, mama Getruda. Unazunguka kama kuku anayetaka kutaga."

"Mzee hakunywa."

"Basi hana kiu. Kula."

Jirani Zetu hawagawi karatasi za maoni. Wanaweka viti mduara, na kila mwenye neno anapewa kipaza sauti, aseme kilichompendeza na kilichomkwaza. Kwa hiyo hakuna pa kujificha: anayesemwa amekaa hapohapo, na haruhusiwi kujibu mpaka wote wamalize.

Ngoma zilisifiwa, mtu mmoja tu alilalamika kuhusu masikio yake. Vikapu vilisifiwa, isipokuwa na Samweli wa Usoke aliyesema kwamba chake kimetoka kama kofia. Kisha Leodgar akataja mapokezi ya mgeni. Dada mmoja alisema juisi ni tamu ila mikoa ni mingi. Mwingine akasema alidhani yuko darasa la sita. Ukumbi ulicheka, Esperansi naye akacheka kidogo, vidole vyake vikikunja na kukunjua pindo la khanga.

Mzee Bernardo akaomba kipaza sauti.

"Mimi sina maneno mengi," alisema. "Kwetu Kwihara wageni tunawajua. Misafara ilipita kwetu, ya Waarabu, ya Wazungu, ya Wanyamwezi wenyewe na pembe zao za ndovu. Babu zetu walipokea watu hata wasiowapenda. Lakini sijasikia hata siku moja mgeni akaalikwa, akakalishwa mbele za watu, halafu mwenye nyumba akanywa kwanza, akamalizia mgeni. Mabaki mimi humpa mbwa wangu. Kama huo ndio ustaarabu wa Burundi, nashukuru nimeujua. Kama si wenyewe, basi mama huyu ametudharau. Hilo ndilo lililonikwaza."

Hakuna aliyecheka. Leodgar alitazama sakafu, kisha akamtazama Esperansi. "Mama, nafasi yako."

Esperansi alisimama kabla kipaza sauti hakijamfikia. Jambo lenyewe hakuwahi kulifikiria. Alikuwa ameitaja milima yote, lakini kuonja kule hakukutaja, wala hakujua kwamba ni kitu cha kutajwa. Kwake ilikuwa sawa na kuvua viatu mlangoni.

"Baba, nisamehe," alisema. "Kwetu mwenye kinywaji huonja kwanza. Ndiyo heshima yenyewe."

"Kwenu wapi?" Bernardo aliuliza akiwa amekaa, bila ukali. "Burundi au Ulyankulu?"

Hapo ndipo palipouma. Hakujua. Angeweza kusema Burundi, na nani angembishia? Lakini aliwaza viti vya Urambo na wale wazee watakaovikalia.

"Sijui," alisema. "Mama yangu hufanya hivyo."

"Mpigie!" Martha alipaza sauti kutoka nyuma. "Si yupo hai?"

Vicheko vikarudi, na vilipovuma kila upande hakukuwa na namna ya kukataa. Esperansi alipiga, akaweka sauti ya nje, na Leodgar akasogeza kipaza sauti kwenye simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeshaharibu?"

Ukumbi uliangua kicheko. Esperansi alifunga macho. "Mama, nakuuliza. Ukimkaribisha mtu mutobe, kwa nini unaonja wewe kwanza?"

"Ehee. Nani anauliza hayo?"

"Kuna mzee wa hapa. Anasema nimempa mabaki."

"Mabaki!" Sauti ilipanda. "Hao watu wa mjini wakipewa kikombe wanamimina tu kooni, kama ng'ombe kisimani? Hawaulizi kilichomo?"

Mzee Bernardo alijifuta macho kwa kicheko. Esperansi aliuliza tena, taratibu: ni desturi ya wapi?

"Ya kwetu. Kule. Mama yangu alionja, na mama yake. Mgeni ajue kwamba hukumwekea kitu. Kama kipo kitu, kinaanza na wewe. Mpe mtu kikombe ambacho hujakionja, umempa nini? Baba yangu mimi..." Zilisikika sauti za kuku wa Ulyankulu, na mtu akifagia. "Baba yangu alipewa na mtu ambaye hakuonja. Ni rafiki yake."

Esperansi aliishika simu kwa mikono miwili.

"Mama, hujawahi kuniambia."

"Si mambo ya simu hayo. Salimia watu." Simu ikakatika.

Esperansi alibaki amesimama, simu mkononi, akiitazama kana kwamba itaita tena. Mzee Bernardo ndiye aliyenyanyuka. Aliinama kwa shida, akakiokota kikombe chini ya kiti, akakinyanyua watu wakione.

"Nimesikia," alisema. "Nimeondoa neno langu. Ila hiki sikinywi, nzi ameniwahi. Nimiminie kingine."

Esperansi alimimina kwenye kikombe safi. Juisi kidogo ikamwagikia mezani. Akasita, kikombe kikiwa karibu na mdomo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake akifikiria anachofanya.

"Onja, binti yangu," Bernardo alisema. "Tena onja vizuri, nikuone."

Akaonja. Mzee akanywa chote kwa mfululizo, akapiga kikombe mezani, akasema, "Hakijatiwa kitu. Kama hamnioni kesho misani, mnajua wa kumkamata."

Kamati ya Jirani Zetu ilijifungia kwenye sakristia, chumba cha kuvalia cha kanisa lililo kando ya ukumbi, kuamua nani aende Urambo. Esperansi alizunguka mpapai wa uwanjani, akaukuta hauna kivuli, akarudi, akazunguka tena. Martha alikata tamaa ya kumkalisha. Leodgar alipotoka alimwendea moja kwa moja.

"Utakwenda Urambo," alisema. "Lakini si na hiyo mikoa. Watu wa Urambo hawahitaji kuambiwa milima iko wapi. Utaanza na kuonja, na utaeleza kwa nini, mpaka mwisho. Hadithi ile ya babu yako, kama mama yako ataruhusu. Kama hataruhusu, tutampeleka mtu wa vikapu."

"Siijui hadithi yenyewe, mwalimu."

"Najua. Tumesikia wote."

Alirudi nyumbani na kibuyu kitupu. Emilian alimuuliza mlangoni kama amefaulu. Alisema ndiyo, kisha akasema hapana, kisha akakaa kwenye cherehani na kufumua mfuko wa shati ambao haukuwa na kosa lolote. Jioni hiyo alimpigia mama yake tena. Mama alipokea, akasema anachota maji, akakata.

Ijumaa Esperansi atafunga baraza mapema na kupanda basi la Ulyankulu. Atakapofika, mama yake ataanza kutafuta kuni. Esperansi atazibeba kuni mwenyewe, ataketi karibu na moto, na atamuuliza.